Majina Kumi na Moja Katika Droo

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Koplo Sanga wa Makambako alipolisikia neno hilo kinywani mwangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Umestaafu nini wewe, karani? Hata mvi moja huna!" Lakini miaka tisa nimekuwa karani wa chama chetu cha askari wa zamani, hapa Njombe na kwenye tawi letu la Makambako, na mwezi uliopita nilirudisha ufunguo. Mama yangu amezeeka, shamba letu karibu na Kidugala limeota magugu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Sijui hali hiyo niiite nini kingine.

Ninyi mtakaokikalia kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, nawaandikia yale ambayo hamtayakuta kwenye mafaili. Andiko la kwanza nililichana. La pili na la tatu pia. Hili ni la nne, na nimejiapia kuwa sitalichana hata nikikuta kosa. Mkifika mwisho mtajua kwa nini.

Nilianza kazi nikiwa na elimu ya darasa la nne. Kupiga chapa nilijifundisha mwenyewe. Nilipata picha ya mashine kwenye kipande cha gazeti kilichofungia chumvi, nikazichora herufi zake kwenye kibao, nikawa nakigonga kibao hicho kila jioni baada ya kulima. Siku nilipoitwa ofisini kujaribiwa ndipo nilipoigusa mashine ya kweli kwa mara ya kwanza. Herufi zilikuwa palepale nilipozichora. Nilitaka kulia. Badala yake nilipiga barua nzima bila kosa, nikaona kuwa mstari wa chini umeinama kidogo, nikaomba karatasi nyingine.

Aliyekuwa akinijaribu ni Sajini Mgaya, kiongozi wa chama. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu, aliyepigana Bama, huko Asia, na kurudi bila vidole viwili vya mkono wa kushoto. Aliitazama barua ya kwanza, akaitazama ya pili.

"Zina tofauti gani?"

"Ya kwanza imeinama, afande."

"Hm. Umewahi kushika bunduki?"

"Hapana, afande."

"Umewahi kutembea siku tatu na mzigo usio wako, tumbo likiwa tupu?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mtu safi," akasema. "Kaa hapo uandike."

Hakunitukana, lakini usafi huo niliuonea haya miaka tisa. Wakati wa vita nilikuwa mtoto, nikifukuza nyani shambani. Kila mtu aliyeingia ofisini alikuwa ameona kitu ambacho mimi sikukiona: msitu wa Bama, meli ya kwenda Madagaska, milima ya Uhabeshi ambayo Koplo Sanga alisema ina baridi kama Ipelele, huku kwetu milimani, "ila Ipelele hawakupigi risasi." Mimi nilikuwa na kalamu tu. Kwa hiyo nilijiambia kuwa angalau kalamu yangu isikosee. Nilikuwa nikifunga mlango, nikifika njiani narudi kuutikisa. Barua moja niliisoma mara saba. Siku za gwaride sikuweza kunywa hata uji.

Sasa niwaambie jinsi chama kinavyowaheshimu watu wake, maana hiyo ndiyo kazi, na barua zote ni maji ya kunawa tu kabla ya chakula.

Kwanza kuna kofia. Askari wetu walirudi na kofia zile pana zenye ukingo mmoja uliokunjwa, lakini mvua na panya wa Njombe hawaheshimu vita. Nilipoanza kazi ilibaki moja nzima, nayo ikawa ya chama. Askari wa zamani akifariki, kofia inawekwa juu ya jeneza lake, awe alikuwa Sajini au mpishi. Wenzake wanalibeba jeneza kwa zamu, na kaburini kila mmoja anatupa konzi ya udongo kwa mkono wa kulia, kisha anapiga saluti. Kazi ya karani ni kuipiga kofia brashi, kuitia makaratasi ndani isibonyee, na kuifikisha mapema. Kuna mwaka walifariki wawili kwa siku moja, mmoja Njombe, mmoja Makambako. Tukazika Njombe asubuhi, nikaipakata kofia kwenye lori la mbao kama mtoto mchanga, tukafika Makambako watu wameshaimba nyimbo zote za kitabu na kuanza upya. Mchungaji alinishukuru kwa macho. Koplo Sanga akasema, "Marehemu alikuwa mtu wa kuchelewa maisha yake yote. Leo tumefanana naye."

Cha pili ni siku ya majina. Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha ardhi, wanachama wote wanakusanyika kwenye uwanja ulio chini ya boma. Wanakuja na majembe. Wanajipanga foleni, Koplo Sanga anapiga tarumbeta. Meno yake mawili ya mbele yalibaki Uhabeshi, kwa hiyo tarumbeta yake ina upepo mwingi, na kila mwaka kuna mtu wa kumwambia kuwa amelia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Kisha karani anasoma majina ya waliokufa. Jina likitajwa, ndugu wa marehemu anaitika, "Nipo kwa ajili yake." Kama hakuna ndugu, foleni nzima inaitika, "Tupo sisi." Hakuna jina linaloachwa hewani.

Baada ya hapo Sajini anaamuru, "Jembe begani!" nao wanaondoka kwa mwendo wa gwaride hadi shamba la mjane mmoja, ambaye zamu yake imefika kwa kufuata orodha. Wanalima mpaka lishe. Watu wa kwetu wana kazi ya namna hiyo tangu zamani, wanaiita mgowe, na mwenye shamba huwaandalia walimaji ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Chama kilichukua mgowe kikauvika nidhamu ya jeshi. Wanachama wa Kilutheri walitaka chai, wengine walitaka ulanzi. Mjane huandaa vyote viwili, na mimi sijaandika popote nani alikunywa nini.

Sajini alinifundisha kusoma majina wiki tatu kabla ya mwaka wangu wa kwanza. Tulikuwa tukipanda kwenye kilima kilichopandwa miti ya miwati, yeye anakwenda umbali wa hatua mia, mimi nasoma.

"Sikusikii!" anapaza sauti. "Unamsomea nani, karatasi ya kaboni?"

Alinifundisha nisimame upepo ukiwa mgongoni. Baada ya kila jina nihesabu hadi tatu kimoyomoyo, maana ndugu mwingine ni mzee na sauti yake inachelewa kupanda. Wala nisiinue macho kumtafuta wa kuitika. "Ukimtafuta utamtia hofu. Wewe ita. Kuitika ni kazi yake."

Orodha yenyewe ilikuwa daftari la Sajini. Lilikuwa na mafuta ya taa, alama za vikombe, na majina yaliyoingizwa pembeni kwa kalamu ya risasi. Kwangu mimi lilikuwa kama kidonda. Kila mwaka nililisoma na kila mwaka nilitamani kulisafisha. Mwaka wangu wa tano, boma likatuarifu kwamba Bwana Disii mwenyewe, mkuu wa wilaya, atahudhuria siku ya majina. Nikapata sababu.

Nilipiga orodha mpya. Nilichora safu nne: jina, namba ya jeshi, kikosi, mahali alipofia. Nilitumia siku kumi na mbili. Nilipoona kosa sikufuta, nilianza ukurasa upya. Ilipendeza. Lakini majina kumi na moja yalikuwa hayana namba, hayana kikosi, na mengine yalikuwa jina moja tu, bila la baba. Hao walikuwa wapagazi wa vita vya Mjerumani, vile vya kwanza, wale waliokamatwa vijijini na kubebeshwa mizigo. Safu zao zilikuwa tupu, na utupu ule ulinitia kichaa. Nikayaandika kwa mkono kwenye karatasi ya pembeni, nikaandika juu yake "Ya kuhakikishwa," nikaitia kwenye droo, nikafunga. Nilijiambia nitayarudisha mwakani nikipata namba. Sajini sikumwambia. Nilijua angesema nini, ndiyo maana sikumwambia.

Siku ikafika. Bwana Disii aliketi kwenye kiti tulichokiazima kanisani. Tarumbeta ililia vilevile kama mbuzi. Nikasimama, upepo mgongoni, nikasoma. Sikukosea hata jina moja. Wenyewe wakaitika, foleni ikaitika, na nilipofika mwisho nilihisi kitu ambacho sijakihisi tena: kwamba nimefanya jambo lisilo na doa. Bwana Disii aliiomba orodha, akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia garini.

Foleni ilikuwa imeanza kulegea, watu wanaokota majembe, nilipomwona bibi mmoja akinijia. Alijifunga blanketi la kijivu, mkononi ana kikapu kidogo cha viazi. Nilimfahamu. Ni Bibi Twilumba, anayetoka vilimani nyuma ya Makambako. Kila mwaka alikuja kumwitikia mumewe, Kilasi, aliyechukuliwa vita vya Mjerumani wakiwa wameoana mwezi mmoja. Kilasi aliwabebea Wajerumani unga, akatekwa, akawabebea Waingereza unga. Mzigo ulikuwa uleule. Alifia njiani ng'ambo ya mto Ruhuji, na aliyeleta habari naye alishakufa. Kaburi halijulikani. Mahali pekee duniani ambapo jina la Kilasi lilitajwa kwa sauti palikuwa pale uwanjani, mara moja kwa mwaka.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu.

"Kamwene, mwanangu." Akanisogelea, akashusha sauti kama mtu anayeogopa kuaibisha. "Hivi nimekosea siku?"

Hapa ndipo nilipochana andiko hili mara tatu. Ningeweza kumwambia ukweli kwa maneno sita. Nilimtazama, nikatazama orodha yangu nzuri, nikasema, "Hujakosea siku, bibi. Umechelewa kidogo. Jina lake limeshaitwa. Foleni ikamwitikia."

Akasema, "Aa. Nimechelewa." Akaniachia kikapu cha viazi, ambacho kila mwaka hukileta ofisini, akaondoka kuelekea kwa Sajini. Nilimsikia vizuri maana hakuwa mbali.

"Afande, unisamehe. Karani anasema nimechelewa kumwitikia Kilasi."

Sajini Mgaya alikuwa amesimama mbele ya foleni muda wote. Alikuwa ameyasikia majina yote, na yeye ndiye aliyeyaandika kwenye lile daftari kwa kalamu ya risasi. Alinitazama. Niliwahi kumwona akimkemea mtu wa kilo tisini mpaka akatetemeka, nikangoja nikemewe mbele ya watu wote. Angefanya hivyo ningeona nafuu.

Aligeuka, akavuta pumzi. "Foleni!"

Watu wakashangaa. Wengine walishatia majembe begani.

"Afande, tumeshamaliza," Koplo Sanga akasema. "Mjane anatungoja na chai."

"Chai haina miguu. Foleni! Karani amesahau karatasi ya pili ofisini. Anakwenda kuileta. Tutamngoja."

Nikakimbia. Ufunguo uligoma kwenye droo. Niliporudi mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya Njombe nyembamba yenye ukungu, na hakuna aliyekuwa amejikinga. Wazee hamsini na kitu walikuwa wamesimama wima, majembe miguuni, maji yakiwatiririka shingoni. Bwana Disii alishakwenda zamani. Hakuna wa kumwonyesha.

Nilisahau kuupa upepo mgongo. Mvua ilinipiga usoni na wino ukaanza kutembea kwenye karatasi. Nikasoma jina la kwanza, nikahesabu tatu. "Tupo sisi!" Jina la pili. "Tupo sisi!" Nimesoma majina pale mara tisa, na sijasikia foleni ikiitika kama siku ile. Waliitika kama watu wanaonyanyua kitu kizito kwa pamoja. Yalikuwa kumi ya namna hiyo. La kumi na moja ndilo lake.

"Kilasi."

Moja. Mbili. Tatu. Sikuinua macho.

"Nipo kwa ajili yake," Bibi Twilumba akasema.

Foleni ilipoondoka na majembe begani, mimi nilibaki. Nilimfuata bibi, nikamwambia, "Bibi, hukuchelewa. Nilikudanganya. Jina lake sikulisoma. Nililifungia kwa sababu halikuwa na namba."

"Najua kuwa sikuchelewa," akasema. "Nilifika jana. Nimelala kwa mama mchungaji."

"Sasa mbona ulimwomba Sajini msamaha?"

"Ningekuambia wewe kuwa ni mwongo, ungebisha. Nikamwambia mkubwa wako ulichokisema." Akakung'uta maji kwenye blanketi. "Mume wangu aliitwa bila namba, akaenda. Walipomtwika ule unga hakuna aliyemuuliza namba. Leo wewe unaitaka ya nini?"

Alinidai kikapu chake, nikarudisha, akaniachia viazi.

Kesho yake Sajini aliingia ofisini, akavuta kiti. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, mara mbili, kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kosa. Aliisoma yote.

"Imepigwa vizuri," akasema, akaikunja, akaitia chini ya ule mguu mfupi wa kiti. Kiti kikatulia. "Bama nilibebewa maji na watu ambao majina yao sikuwahi kuuliza. Nilikunywa tu. Niliporudi nikasema, mizimu ya watu wale nitailipa kwa wapagazi hawa wa kwetu, walau wao tunawajua jina. Ndiyo maana wako kwenye daftari langu, karani. Hawajakosa kitu. Aliyekosa kitu ni mimi." Akasimama. Mlangoni akageuka. "Na usiniletee tena safu nne. Mimi sisomi kwa safu."

Barua ile mpaka leo iko palepale chini ya kiti. Msiitoe, mtaanguka.

Zamu ya Bibi Twilumba kulimiwa ilifika mwaka uliopita, wa mwisho kwangu. Mashamba ya Makambako yanalimwa na tawi la Makambako, lakini safari hii watu wa Njombe wakapanda lori wakaja. Sajini Mgaya sasa anatembea kwa fimbo, hata hivyo alishuka wa kwanza. Nilikuwa nimesimama pembeni na karatasi zangu, kama miaka yote, maana mwenye kulima ni aliyetumika jeshini, na mimi sikutumika popote.

"Karani!"

"Afande."

"Foleni."

Koplo Sanga akanirushia jembe. "Shika hapo palipo na mti, afande karani. Upande wa pili ni wa kulimia." Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikaingia kwenye mstari kati ya wanaume wawili waliotoka Bama, na Sajini akaamuru kwa fimbo yake.

Tulilima mpaka jua likapanda. Bibi Twilumba, ambaye sasa mgongo wake umepinda kabisa, alipita nyuma yetu akikagua tuta moja baada ya jingine, mikono nyuma, kama mkubwa wa jeshi. Akasimama kwenye langu.

"Hili la nani?"

"Langu, bibi."

"Limepinda."

Nilikuwa nimeliona kabla yake. Lilikuwa limenisumbua tangu hatua ya tano. Nikainua jembe nilibomoe nianze upya. Akaniwekea mkono kwenye mpini.

"Liache hivyo. Mbegu nimeshatia."

Nililiacha. Yalipoota, Koplo Sanga aliniletea habari kwamba mahindi ya tuta lile yamepinda kama mto, na kwamba Bibi anawaonyesha wageni.

Basi kofia iko kwenye kabati, ina makaratasi ndani. Tarumbeta anayo Koplo, msimwambie anunue meno. Orodha ina kurasa mbili. Wa kwanza ni ule niliopiga chapa, hauna kosa. Wa pili ni wa mkono wangu, majina kumi na moja, wino umetembea kwa mvua na kwenye jina la Kilasi kuna doa. Mtatamani kuupiga upya. Mimi nilitamani kila mwaka. Uacheni ulivyo, na siku ya majina anzeni na huo.